Jogoo wa pikseli 16 kwa 16: mwongozo wa kuanza kuchora gemu za kizamani

Kioo cha Nokia 3310 kilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa kimo. Ukizidisha unapata nukta 4,032 tu, kila moja ama nyeusi ama tupu. Ndani ya hizo chache nyoka alikimbia, akala, akarefuka, akajing'ata mwenyewe, na kila aliyeshika simu ile alielewa kinachoendelea bila kuelezwa. Hiyo ndiyo kazi tunayojifunza hapa: kuweka nukta chache mahali pake mpaka jicho la mtazamaji lijaze lililobaki.

Wengi wanaoanza sanaa ya pikseli, yaani kuchora kwa nukta kama hizo, huanza kwa kujipa kila kitu. Wanafungua ukurasa mkubwa, wanajimwagia rangi mia, wanachora kama walivyozoea kuchora kwa kalamu, na mwisho wanapata mchoro wa kawaida uliopunguzwa ukubwa, wenye ukungu na usiosomeka. Mimi nakushauri ujifunge. Chukua masharti ya mashine za zamani kama yalivyokuwa na uyatii kwa muda. Ukiwa na nafasi ya pikseli 256 na rangi tatu, kila nukta ni uamuzi, na kufanya maamuzi hayo mengi madogo ndiko kunakomjenga mchoraji haraka.

Masharti tunayoazima

Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983, ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Skrini yake ilikuwa na pikseli 256 kwa 240, na kila kilichoonekana kilijengwa kwa vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8. Kile kinachotembea juu ya mandhari, yaani spraiti, kiliruhusiwa rangi tatu tu, na ya nne ilikuwa uwazi, sehemu ambayo mandhari ya nyuma yanapita. Tena mashine haikuweza kuonyesha zaidi ya spraiti nane kwenye mstari mmoja wa skrini. Ya tisa haikuchorwa. Ndiyo maana maadui walipojazana sehemu moja walianza kupepesa: programu ilikuwa ikiwapa zamu. Game Boy, mashine yao ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na ubahili zaidi, pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne vya kijani.

Sasa tazama watu walivyojipanga ndani ya ubahili huo. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora mhusika wa gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, yule ambaye baadaye tulimfahamu kama Mario, alimpa masharubu ili pua ionekane bila kulazimika kuchora mdomo. Alimvika kofia kwa sababu nywele zilikuwa ngumu kuchora, na kumhuisha mtu mwenye nywele anaporuka kulikuwa kugumu zaidi. Alimvika ovaroli ili mikono itofautiane na kiwiliwili wakati inapunga. Sura inayojulikana dunia nzima ilizaliwa na uhaba wa nukta. Waliotengeneza gemu ya Mega Man ya mwaka 1987 walitaka uso wenye rangi zaidi ya zile tatu, kwa hiyo waliuchora uso kama spraiti ya pekee na kuupachika juu ya mwili. Huo ni ufundi unaostahili kusomwa kwa makini, na namna bora ya kuusoma ni kuingia ndani ya masharti yale yale.

Kwa hiyo masharti yetu ni haya: uwanja wa pikseli 16 kwa 16, ambao ni vigae vinne vya NES, na rangi tatu pamoja na uwazi. Tutachora jogoo.

Hatua ya 1: Chombo cha kuchorea

Huhitaji kununua kitu. Piskel hufunguka ndani ya kivinjari na ni ya bure. Pixelorama na LibreSprite nazo ni za bure, unaziweka kwenye kompyuta. Aseprite inapendwa sana na wanaoishi kwa kazi hii, ila inauzwa, na kwa mwanzo huna haja nayo. Mwenye simu ya Android peke yake anaweza kutumia Pixel Studio. Kidole kitakuwa kinaziba nukta, basi kuza mchoro sana au tafuta kalamu ya skrini. GIMP pia inafaa kwa sharti moja: tumia penseli, usitumie brashi. Brashi hulainisha kingo na kuacha rangi za nusunusu ambazo hukuzichagua, na rangi usiyoichagua haina ruhusa kuingia hapa.

Umeme ukikatika, daftari la hesabu lenye vijumba linatosha, na sisemi hivyo ili kukufariji. Susan Kare alibuni aikoni za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 kwenye karatasi ya vijumba, 32 kwa 32, kijumba kimoja kwa pikseli moja. Miyamoto na Takashi Tezuka walipanga ngazi za Super Mario Bros. kwenye karatasi ya vijumba pia. Penseli na kifutio vinakulazimisha ufikiri kabla ya kujaza, na mchoro ukishakubali kwenye daftari, kuuhamisha kwenye skrini ni kuhesabu tu.

Ukishafungua programu, tengeneza faili jipya la pikseli 16 kwa 16. Weka penseli ya ukubwa wa pikseli 1. Washa gridi. Kisha, kama programu inaruhusu, fungua dirisha la pili linaloonyesha mchoro kwa ukubwa wake halisi, na liache wazi muda wote. Utakuwa unachora ukiwa umekuza mara kumi au ishirini, na ukiwa karibu namna hiyo kila kitu kinaonekana kama matofali. Hukumu iko kwenye lile dirisha dogo.

Hatua ya 2: Umbo tupu

Anza na rangi moja ya giza. Usiguse jicho, usiguse bawa, usifikirie manyoya. Unachotafuta ni kivuli kizima cha mnyama, kama vile amesimama mbele ya jua la jioni. Kivuli kisipojulikana, hakuna rangi itakayokiokoa.

Nimechagua jogoo kwa makusudi: kivuli chake hakifanani na cha ndege mwingine. Ana kilemba kichwani, mkia uliopinda nyuma, kidari kilichojaa na miguu myembamba. Mtoto wa miaka mitatu anamjua. Ukimchagua njiwa utahangaika, kwa sababu kwenye pikseli 16 njiwa, kwale na kifaranga wote wanakuwa kitu kimoja.

Huu hapa. Alama ya nukta (.) ni uwazi, alama ya reli (#) ni pikseli iliyojazwa. Jogoo anatazama kulia.

```
................
..........#.#...
..........####..
.###......####..
#####.....#####.
##.###....####..
#..####..####...
#..##########...
...##########...
...##########...
....########....
.....######.....
......#..#......
......#..#......
......##.##.....
................
```

Nakili kwa mkono, mstari kwa mstari, usikimbilie. Mstari wa 2 una pikseli mbili tu, safu ya 11 na ya 13, na kati yake kuna tundu. Tundu hilo ndilo linalofanya kilemba. Ukilijaza, jogoo anageuka kuwa bata aliyevaa kofia. Mdomo ni pikseli moja peke yake, safu ya 15 kwenye mstari wa 5. Ifute uone: ndege anapoteza upande anaoutazama. Irudishe. Mkia nao una uwazi ndani yake kuanzia mstari wa 6, na uwazi huo ndio unaoonyesha kwamba manyoya yanaanguka nyuma badala ya kuwa donge lililoganda mgongoni.

Naomba uchukue muda hapa kuliko hatua nyingine yoyote. Sogeza kichwa pikseli moja kushoto. Refusha miguu kwa pikseli moja. Nenepesha kidari. Kila badiliko litazame kwenye dirisha la ukubwa halisi. Baada ya hapo mwonyeshe mtu aliye karibu nawe bila kumwambia ni nini, umuulize anaona mnyama gani. Akisema jogoo papo hapo, endelea. Akisita, tatizo liko kwenye kivuli na utalitatua hapa hapa.

Hatua ya 3: Kusafisha mistari

Pikseli ni za mraba, na kwa miraba huwezi kuchora mkunjo wa kweli. Unaweza tu kuchora ngazi. Mkunjo ukionekana laini, maana yake urefu wa vidato vya ngazi hiyo unabadilika kwa mpangilio. Mfuatano wa pikseli 4, kisha 2, kisha 1, kisha 1, kisha 2, kisha 4 unasomeka kama upinde. Mfuatano wa 4, 1, 3, 1, 2 unasomeka kama ukuta uliobomoka, hata kama mtazamaji hawezi kukueleza kwa nini.

Mwangalie jogoo nyuma, chini ya mkia. Kwenye mistari ya 8, 9 na 10 mwili unaanzia safu ya 4. Mstari wa 11 unaanzia safu ya 5, na wa 12 safu ya 6. Yaani kidato cha pikseli tatu, kisha cha moja, kisha cha moja, halafu tumbo linalala. Mbele ni hivyo hivyo kwa kugeuza. Mwili umeviringika bila hila yoyote.

Kwa mistari iliyonyooka lakini imeinama, kaa kwenye miinamo inayotulia: pikseli moja kulia kwa moja juu, au mbili kulia kwa moja juu. Huo wa pili ndio uti wa mgongo wa gemu nyingi zinazoonyesha nyumba na barabara kwa mshazari. Miinamo mingine ipo, ila inahitaji jicho lililozoea.

Ukichora mstari mwembamba kwa mkono, mara nyingi utakuta kona zenye pikseli tatu zilizojibana zikifanya umbo la herufi L. Futa ile ya katikati. Mstari utapumua.

Hatua ya 4: Rangi tatu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakupa rangi za kuanzia na namba zake. Zinatoka kwenye paleti, yaani seti, ya rangi 16 ya PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo zenye skrini ya pikseli 128 kwa 128:

Buluu ya giza, #1D2B53
Nyekundu, #FF004D
Machungwa, #FFA300

Kwa nini buluu na siyo nyeusi? Kwa sababu nyeusi tupu imekufa, haina joto wala baridi. Kivuli kinachoelekea buluu au zambarau kinaishi pamoja na rangi zingine, na mwanga unaoelekea njano vivyo hivyo. Anayeanza huchukua nyekundu, akaongeza nyeusi kupata kivuli chake na nyeupe kupata mwanga wake, akaishia na rangi za vumbi. Wewe geuza rangi yenyewe kila unapopanda au kushuka: kutoka buluu ya giza, kwenda nyekundu, kwenda machungwa. Umepanda kutoka gizani hadi kwenye mwanga kwa rangi tatu tofauti kabisa, na bado zinaonekana ni ndugu.

Kabla ya kujaza chochote, fanya jaribio hili. Weka vipande vya rangi zako tatu sambamba, kisha geuza picha iwe ya kijivu. Ukiona vijivu vitatu vinavyotofautiana vizuri, paleti yako ni salama. Sasa ongeza kipande cha kijani #008751 kutoka paleti ile ile, rangi ambayo mtu yeyote angeichagua kwa majani. Igeuze kuwa kijivu pia. Utaona inakaribiana mno na ile nyekundu. Maana yake ni kwamba kilemba cha jogoo, sehemu yetu muhimu kuliko zote, kitazama kwenye nyasi. Kwenye skrini yenye rangi utaona nyekundu na kijani zikigombana tu bila kujua shida ni nini. Kijivu ndicho kinachosema ukweli. Mweke jogoo juu ya mandhari yenye mwanga zaidi, kwa mfano rangi ya ngozi ya pichi #FFCCAA, na atatoka mbele mara moja.

Ukitaka paleti nyingine, ya DawnBringer yenye rangi 16 imetumika miaka mingi na haina rangi ya kupoteza. Tovuti ya Lospec ina paleti nyingi za bure. Chagua moja, kaa nayo kwa michoro kadhaa. Kurukaruka kati ya paleti hakumfundishi mtu rangi.

Hatua ya 5: Kujaza mwili

Amua mwanga unatoka wapi kabla ya kushika penseli. Wetu unatoka juu upande wa kulia, mbele ya jogoo. Basi kichwa na shingo vipate machungwa, kiwiliwili nyekundu, mkia na chini ya tumbo giza. G ni giza, N nyekundu, M machungwa.

```
................
..........N.N...
..........NNNN..
.GGG......MMGM..
GGGGG.....MMMMM.
GG.GGG....MMMN..
G..GGNN..MMMN...
G..GNNNNMMMMN...
...NNGGGNMMNN...
...GNNGGGNNNN...
....GNNNNNNG....
.....GGGGGG.....
......M..M......
......M..M......
......MM.MM.....
................
```

Jicho ni pikseli moja ya giza ndani ya machungwa, mstari wa 4 safu ya 13. Isogeze hadi safu ya 12 uone jogoo anavyobadilika tabia. Hapo anaonekana mzee. Nyama nyekundu inayoning'inia chini ya mdomo imepata pikseli mbili zilizokaa mshazari. Bawa ni pikseli sita za giza, tatu juu na tatu chini zikiwa zimesogea hatua moja kulia, basi. Sikuchora unyoya hata mmoja, na hakuna atakayeuliza uko wapi.

Kuna kosa moja ambalo utalifanya usipoonywa: kuweka giza kuzunguka ukingo wote na mwanga katikati, kwa kila umbo, bila kujali mwanga unatoka wapi. Kila kitu kinavimba na kinakosa uzito. Kwenye jogoo wetu giza limekaa nyuma na chini tu. Upande wa mbele, kuanzia kilemba hadi kidari, hauna ukingo wa giza kabisa isipokuwa pikseli moja kule chini mstari wa 11, na umbo halijavunjika.

Utakutana pia na mtindo wa kuchanganya pikseli za rangi mbili kama draftsi ili jicho lione rangi ya tatu. Kwenye televisheni za zamani rangi hizo ziliyeyukiana na kutoa kivuli laini sana. Kwenye spraiti ya 16 kwa 16 inayotazamwa kwa simu ya leo, huleta upele. Uhifadhi mtindo huo kwa anga na kuta kubwa.

Hatua ya 6: Kumpa uhai

Anza na kupumua, kwa fremu mbili, yaani picha mbili zinazopokezana. Nakili fremu ya kwanza. Kwenye nakala, chagua kila kitu kutoka mstari wa 2 hadi wa 12, ukishushe pikseli moja. Mwili utafunika mstari wa 13, na miguu itabaki na mistari ya 14 na 15 bila kusogea. Kila fremu ikae kama milisekunde 400. Cheza. Jogoo anapumua, na umebadilisha pikseli moja tu ya kimo.

Kutembea kuna raha yake, maana kuku ana namna yake ya kutembea. Toka nje umtazame. Kichwa chake kinabaki pale pale hewani huku mwili ukisogea chini yake, kisha kinachomoka mbele ghafla na kusubiri mwili ufike. Kwenye spraiti tunalipata hilo kwa kusogeza kichwa peke yake. Fremu ya kwanza ni mchoro ulionao, miguu ikiwa imeachana. Fremu ya pili, kusanya miguu kwenye safu ya 8 na ya 9, mmoja uufanye mfupi kwa pikseli moja kwa sababu umeinuliwa, na mwili mzima upande pikseli moja, huku mguu uliokanyaga ukirefuka kuufikia. Fremu ya tatu, miguu imeachana tena, mwili umeshuka, na kichwa, yaani mistari ya 2 hadi ya 6 kuanzia safu ya 11, kimesogea pikseli moja kulia. Fremu ya nne ni kama ya pili, ila mguu mfupi ni ule mwingine.

Muda: NES ilionyesha picha takriban 60 kwa sekunde. Ukishikilia kila fremu kwa picha nane unapata kama milisekunde 130, mwendo mzuri wa kuku asiye na haraka. Usidhani kwamba fremu nyingi ndiyo ufundi. Mario mdogo wa Super Mario Bros. alitembea kwa fremu tatu. Fremu nyingi zisizo na mpango huleta mtetemo, na utakaa usiku kucha ukizirekebisha.

Na usichore jogoo anayetazama kushoto. Mgeuze tu. NES yenyewe ilikuwa na uwezo wa kugeuza spraiti bila kuhitaji mchoro wa pili, na wachoraji waliuegemea uwezo huo kwa sababu nafasi ya kuhifadhi michoro ilikuwa finyu.

Hatua ya 7: Mahali pa kusimama

Jogoo anahitaji ardhi. Tengeneza kigae kimoja cha pikseli 16 kwa 16: mistari minne ya juu nyasi, iliyobaki udongo wenye mawe mawili matatu. Kigumu ni kuhakikisha kwamba vigae vikipangwa sambamba, mshono hauonekani. Programu nyingi zina njia ya kusogeza picha kwa nusu ya upana ili kingo zije katikati. Sogeza pikseli 8, rekebisha panapokatika, rudisha. Jiwe lenye umbo la kuvutia sana litakusaliti, kwa maana jicho litalihesabu kila linapojirudia. Fanya mawe ya kawaida.

Ubahili wa kusomea upo hapa pia. Kwenye Super Mario Bros., mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliopakwa rangi tofauti. Chukua kigae chako cha udongo, kibadilishe paleti kiwe buluu na zambarau, na tayari unayo ngazi ya usiku.

Hatua ya 8: Kuhifadhi na kutuma

Hifadhi kwa PNG, na kama ni fremu zinazocheza, GIF. JPEG isitumike hata mara moja. JPEG huchafua kingo kwa madoa madogo, na kwenye mchoro wa pikseli 256 kila doa ni tusi.

Kazi ya 16 kwa 16 ni ndogo mno kuonyeshwa kama ilivyo, kwa hiyo ikuze, lakini kwa vipimo kamili tu: mara 4, mara 8, mara 16. Ukikuza mara moja na nusu, pikseli zingine zitakuwa nene na zingine nyembamba. Kwenye kukuza, zima ulainishaji. GIMP inakuuliza aina ya ukadiriaji, chagua isiwepo kabisa. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama picha, kwa sababu picha hubanwa njiani na jogoo wako anafika amefifia.

Faili la asili, lile la 16 kwa 16 lenye fremu zake, libaki peke yake bila kukuzwa. Ndilo utakalolirudia.

Zoezi linalofuata

Mchore jogoo huyu huyu upya kwenye pikseli 8 kwa 8, kigae kimoja cha NES, kwa rangi zile zile tatu. Huwezi kumpunguza kwa kompyuta. Ukijaribu utaona fujo. Itabidi uamue nani abaki na nani aondoke. Bawa litaondoka. Jicho huenda likaondoka. Mguu mmoja utatosha, au miwili yenye pikseli moja kila mmoja. Anza na kilemba na mkia, kisha utafute mwili katika nafasi itakayobaki kati yake.